Mlango Unaolia: Kufundisha Utafutaji wa Chanzo kwa Kutumia Gereji ya Pwani

Walimu wanachuo wengi, wanapotakiwa kuandaa somo la kutu kwa Darasa la Tano au la Sita, huandika shabaha moja tu: kwamba mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kutaja mambo yanayosababisha kutu. Mwanafunzi hutaja hewa na maji, mwalimu hufurahi, alama ya vema huwekwa katika andalio la somo, na jambo huishia hapo. Mpeleke mwanafunzi huyo huyo mbele ya mlango wa chuma unaopiga kelele, umwulize mlango una nini. Atajibu, "Una kutu." Mwulize ufanyiwe nini. Atajibu, "Utiwe mafuta." Majibu yote mawili huenda yakawa ya kweli, na huenda yakawa ya uongo. Yeye hana njia ya kujua, kwa kuwa hakufundishwa kukitafuta chanzo, alifundishwa kukitaja.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi mlango mmoja wa gereji unavyoweza kuzaa masomo manne au matano ya sayansi na hisabati, na jinsi ya kumwongoza mtoto achunguze kabla ya kutengeneza. Nimeuchagua mlango kwa sababu shule na vyuo vya pwani, tangu Tanga hata Mtwara, na visiwani kadhalika, ni nadra kukosa mlango au geti la chuma linalolia. Tena watu wazima wameuzoea mlio huo kiasi cha kutousikia. Mtoto bado anausikia.

Mlango wenyewe

Milango ya gereji ni ya namna nyingi. Iko ya mbawa mbili zinazoning'inia katika bawaba. Iko ya kujiviringisha juu. Na iko ya kusukuma kando, ambayo ndiyo nitakayoishughulikia hapa kwa kuwa ina mengi ya kujifunza. Mlango wa kusukuma ni fremu ya chuma iliyofunikwa kwa bati nene. Chini una magurudumu mawili ya chuma yenye mfereji, na mfereji huo hukaa juu ya reli, yaani kipande kirefu cha chuma cha pembe kilicholazwa sakafuni, mgongo wake ukitazama juu. Ndani ya kila gurudumu mna beringi yenye gololi, na katikati ya beringi hupita ekseli. Kwa juu, mlango hushikwa na roli ndogo zinazouongoza usilale upande. Katika kila mwisho wa reli hapana budi pawe na kizuizi cha chuma kilichochomelewa barabara.

Hicho kizuizi ndicho cha kutazamwa kwanza, kabla ya sayansi yoyote. Mlango wa namna hii huweza kuwa na uzito wa watu wazima wawili au zaidi, wala hausimami kwa nguvu zake wenyewe. Ukipita mwisho wa reli, au roli za juu zikiuachia, huanguka kama ukuta, na watoto wamekwisha poteza maisha chini ya mageti yaliyoanguka hivyo. Mwalimu aukague mwenyewe, pamoja na fundi, siku moja kabla ya somo. Kama kizuizi hakipo au kimeliwa na kutu, somo lihamishiwe kwenye mlango wa bawaba, na habari ifikishwe kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Siku ya somo mlango usukumwe na mtu mzima mmoja, polepole, na kidole cha mtoto kisikaribie gurudumu wala reli unapokwenda. Kuhusu milango inayopanda juu kwa nguvu ya springi, neno langu ni moja: isiguswe. Springi iliyokazwa huweza kuuvunja mkono wa fundi, sembuse wa mtoto.

Nimeanza na hatari kwa sababu nyingine pia. Kelele ya mlango ni habari. Gurudumu lililolika, beringi iliyovunjika, reli iliyopinda, roli iliyolegea, kila kimoja hupiga mbiu yake kabla mlango haujaanguka. Mtu anayemwaga mafuta ili kelele inyamaze, pasipo kujua ilikuwa ya nini, huenda ameinyamazisha mbiu na kuiacha hatari mahali pake.

Kusikiliza kabla ya kugusa

Kazi ya kwanza ya wanafunzi ni kusikiliza na kuupa mlio jina. Mwalimu asiwape majina yeye. Mtu mzima ausukume mlango mara tatu, kisha kila kundi liseme limesikia nini kwa maneno yake lenyewe. Watasema unalia kama panya. Unasaga kama jiwe la kusagia. Unakwaruza kama mbuzi ya kukunia nazi. Unagonga kama mtu anayebisha hodi. Andika yote ubaoni. Kila moja la maneno hayo lina maana katika ufundi, na utastaajabu kuona jinsi mtoto wa pwani asiyejua neno "msuguano" anavyotenganisha milio minne ambayo andalio lako la somo liliichanganya katika neno moja, "kelele".

Mlio mwembamba, ule wa panya, hutoka mahali ambapo nyuso mbili kavu zinashikana na kuachiana mara nyingi katika sekunde moja. Chuma hugandamana na chuma, huvutwa, huachia ghafula, hushikana tena; mtetemo huo ndio tunaousikia. Ndivyo kiti kinavyolia kinapoburutwa sakafuni, ndivyo kidole chenye maji kinavyolia juu ya kioo. Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde, na la mtoto husikia sehemu ya juu ya kipimo hicho vizuri kuliko la mwalimu wake. Mlio wa kusaga huonyesha mchanga, au gololi zilizokwisha kuharibika ndani ya beringi. Mkwaruzo mara nyingi ni bati au fremu inayosugua ukuta au sakafu. Kugonga ni jambo la pigo moja linalorudi, na hilo lataka kupimwa.

Kisha yafuata kutafuta mahali mlio unapotoka. Sikio peke yake hudanganywa, kwa maana bati la mlango hutetema lote kama ngozi ya ngoma na kuueneza mlio kila upande. Dawa yake ni fimbo kavu ya mti yenye urefu wa kama mita moja. Ncha moja huwekwa juu ya sehemu inayochunguzwa, kwa mfano fremu juu ya gurudumu la kwanza, na ncha ya pili huwekwa kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, isiingizwe sikioni. Mlango husogezwa kidogo sana na msikilizaji huufuata kwa hatua. Yabisi hupitisha mlio vizuri, tena upesi kuliko hewa: katika hewa mlio husafiri kama mita 340 kwa sekunde, katika chuma huelekea mita 5,000. Mtoto atakayesikiliza juu ya gurudumu la kwanza, kisha juu ya la pili, kisha kwenye nguzo ya roli za juu, atakuambia bila kusita palipo na ugonjwa. Neno ugonjwa nimelitumia kwa makusudi. Mwaka 1816 daktari René Laennec wa Ufaransa alitumia karatasi iliyoviringishwa kusikiliza kifua cha mgonjwa, na chombo ambacho madaktari wetu huvaa shingoni kilitokana na karatasi ile. Wanafunzi wanapoelezwa kwamba fimbo yao ni ndugu wa chombo hicho, nidhamu ya kunyamaza huja yenyewe.

Swali la binti aliyesimama nyuma

Wakati mmoja nilikuwa nikimtazama mwalimu mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Aliwatoa wanafunzi darasani, jambo jema, akawapeleka kwenye gereji iliyo jirani na shule, jambo jema zaidi. Mlango ukasukumwa, ukalia. "Unalia kwa nini?" "Kutu!" likajibu darasa zima. "Vema." Binti mmoja aliyesimama nyuma akanyosha mkono: "Mwalimu, mbona unalia, halafu unanyamaza, halafu unalia tena?" Akaambiwa swali hilo litajibiwa baadaye. Halikujibiwa.

Katika kipindi kile chote hilo ndilo lililokuwa swali la kisayansi. Kutu ilikuwa imeenea mlango mzima. Kama kutu peke yake ndiyo iliyokuwa ikilia, mlango ungelia mfululizo. Kitu kinacholia na kunyamaza kwa zamu kina mzunguko, na chini ya mlango ule vitu vinavyozunguka ni magurudumu. Binti alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye jibu. Alihitaji kipande cha chaki.

Kazi ya chaki hufanywa hivi. Mlango husukumwa polepole kutoka mwanzo wa reli. Kila pigo linaposikika, mtu anayesukuma husimama, na mwanafunzi mmoja hutia alama sakafuni mkabala na ukingo wa mbele wa mlango. Mlango ukifika mwisho, alama hupimwa kwa futikamba au rula: umbali kutoka alama moja hadi nyingine. Kisha mwalimu hutia alama ya chaki ubavuni mwa gurudumu, mlango ukiwa umesimama, na husogezwa mpaka alama ile irudi mahali pake. Umbali ambao mlango umekwenda ndio mzunguko mmoja wa gurudumu. Darasa la Sita hulinganisha kipimo hicho na hesabu: gurudumu ambalo kipenyo chake ndani ya mfereji ni sentimita 8 lina mzingo wa 8 × 3.14, yaani sentimita 25 na kidogo. Mwalimu aangalie hapo. Kipenyo cha ukingo wa nje ni kikubwa zaidi, na mwanafunzi atakayekipima hicho atapata mzingo usiokubaliana na chaki. Usimsahihishe upesi. Mwache apambane na tofauti hiyo mpaka agundue ni sehemu gani ya gurudumu inayoigusa reli.

Sasa alama zisomwe. Zikiwa zimefuatana kwa sentimita 25, 25, 25, kasoro iko kwenye gurudumu. Wanafunzi hawatapata 25 kamili. Watapata 24, 26, 25, na hiyo si aibu, bali ni nafasi ya kufundisha wastani. Zikiwa ni alama mbili tu, na umbali baina yake ni sawa na umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, basi kasoro iko kwenye reli: gurudumu la kwanza limepita juu ya kishimo au kivimbe kile kile, kisha la pili likapita. Darasa hufurahishwa sana na jambo hili, maana mwanzoni wote huapa kwamba reli ina vidonda viwili. Mlio ukiwa haukatiki, basi chaki haina la kusema, nasi hurudi kwenye fimbo: ni beringi, au roli za juu, au kitu kinachosugua ukuta.

Mwalimu mwenye wanafunzi sitini au themanini atauliza haya yanawezekanaje katika kipindi cha dakika 40. Hayawezekani, na yasijaribiwe. Omba vipindi viwili mfululizo. Wagawe wanafunzi katika wasikilizaji, watia alama, wapimaji na waandikaji, na wabadilishane kazi kila safari mpya ya mlango. Ni heri nusu ya jambo hili lifanywe na watoto kuliko jambo zima lifanywe na mwalimu huku watoto wakiangalia migongo ya wenzao.

Kwa nini chuma cha pwani huliwa upesi

Baada ya kujua mahali pa kasoro, ndipo swali la kutu linapopata maana. Mwalimu ajue zaidi ya kile atakachofundisha. Chuma hushika kutu kikikutana na oksijeni na maji kwa pamoja. Mahali fulani juu ya chuma, chembe za chuma huyeyuka ndani ya tone la maji na kuacha umeme mdogo; umeme huo hupita ndani ya chuma hadi mahali pengine, ambako oksijeni na maji huupokea. Ili mzunguko huo ukamilike, maji yenyewe lazima yapitishe umeme. Maji ya mvua hupitisha kidogo sana. Maji ya chumvi hupitisha vema, na ndiyo maana chumvi, ijapokuwa si mzazi wa kutu, ni mkunga wake hodari.

Chumvi ina tabia nyingine inayojulikana na kila mama wa pwani anayetia punje za mchele ndani ya kopo la chumvi: huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida hufikia kuyeyuka yenyewe unyevuanga ukipata asilimia 75 hivi, na ile ya baharini ina magnesi kloridi ndani yake, inayovuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Usiku na alfajiri hewa ya pwani hukipita kipimo hicho mara kwa mara. Basi mlango unaoonekana mkavu huwa umevaa utando wa maji ya chumvi. Wala hakuna msimu wa mapumziko, kwa kuwa kusi na kaskazi zote mbili huifikia pwani yetu zikitokea baharini.

Hapa kuna swali moja ambalo nalipenda kupita mengine. Wapeleke wanafunzi wakatazame mlango pande zote mbili: ule wa nje unaopigwa na mvua, na ule wa ndani ulio chini ya paa. Waulize kabla hawajaenda ni upande upi utakuwa na kutu nyingi. Karibu wote watasema wa nje, kwa sababu wamefundishwa kwamba maji huleta kutu. Mara nyingi watakuta sehemu zilizojificha ndizo zilizoliwa zaidi: nyuma ya fremu, chini ya ukingo, ndani ya pembe. Mvua hunyesha na kuosha chumvi; mahali isipofika mvua, chumvi hukaa mwaka hata mwaka. Mtoto aliyeona jambo hili kwa macho yake hataambiwa tena kwamba gereji yenye paa huzuia kutu.

Jaribio la misumari linajulikana, nami nitalipitia upesi. Chupa ya kwanza iwe na msumari na punje za mchele zilizokaushwa motoni zikapoa, ikazibwa vizuri; ya pili iwe na maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta ya kula yasipate hewa; ya tatu maji ya mvua au ya bomba; ya nne maji ya bahari. Ongeza msumari wa tano, usio na chupa: ufungwe uzi, uchovywe katika maji ya bahari kila asubuhi, na utundikwe dirishani. Huu ndio unaofanana na mlango, na aghalabu huliwa upesi kuliko ule uliozama, kwa kuwa hewa huufikia bila shida kila unapokauka. Misumari iwe ya chuma kitupu iliyooshwa kwa sabuni. Ile ya kuezekea bati mara nyingi imepakwa zinki, na somo lote litaharibika mwalimu akishangaa kwa nini hakuna kitu.

Jambo la mwisho la kutu linaturudisha kwenye chaki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikizaliwa ndani ya beringi, mahali pembamba, huvimba na kulikaza gurudumu. Gurudumu lisilozunguka huburutwa juu ya reli, nalo hulika upande mmoja mpaka likawa bapa. Siku fundi anapolilegeza likazunguka tena, ule upande bapa hugonga mara moja kila mzunguko, kila sentimita 25. Hivyo jibu la darasa lile, "kutu," halikuwa la uongo. Lilikuwa mwanzo wa mnyororo wenye pete nne, na binti alikuwa ameishika pete ya mwisho. Mafuta hayawezi kulifanya gurudumu bapa kuwa la mviringo.

Kutengeneza

Watu wengi humwaga oili juu ya reli. Kelele hupungua siku ile, na baada ya wiki chache mlango hulia kuliko kwanza. Mwalimu asikanye kwa maneno. Alete boliti mbili kubwa na nati zake. Nati ya kwanza izungushwe ikiwa kavu, kisha ikiwa na tone la oili. Nati ya pili itiwe oili pamoja na chembe chache za mchanga wa pwani. Kila mtoto aizungushe kwa vidole vyake. Oili na mchanga vikichanganyika ni dawa ya kusagia vyuma, na reli yenye mafuta katika nchi ya upepo na mchanga hujitengenezea dawa hiyo kila siku. Reli yatakiwa iwe safi na kavu, basi. Mafuta mahali pake ni ndani, pale gololi na ekseli zilipo, tena yawe grisi isiyooshwa upesi na maji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ufagio, na ya pili ni maji baridi ya kuosha chumvi, yaliyopitishwa kwa kitambaa katika reli, magurudumu na pembe zote za ndani, kisha kukausha. Hapa pana mtego kwa shule zilizo karibu na ufuko: maji ya kisima huwa na chumvi, na kuosha mlango kwa maji hayo ni kuutia chumvi kwa bidii. Yatumike ya mvua au ya bomba. Kutu iliyolegea husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, na anayesugua avae miwani na kufunika pua. Kazi hiyo ifanywe na watu wazima. Chuma kilichobaki wazi kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kabla ya usiku, maana utando wa chumvi utarudi usiku huo huo, na rangi iliyopakwa juu ya chumvi hububujika na kubanduka.

Gurudumu bapa na beringi iliyosagika hazitengenezeki. Hubadilishwa, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye jeki na vigingi vya kushikiza mlango. Shule ikiwa na uwezo wa kuchagua, ichague beringi zilizofunikwa pande zote mbili zisiingize mchanga. Reli iliyopinda hunyoshwa au kukatwa na kuchomelewa upya, kisha fundi aweke pimamaji juu yake na timazi ubavuni mwa nguzo ya roli. Wanafunzi waitwe waone vyombo hivyo vikitumika, kwani katika vitabu vya hisabati wanavikuta mara chache na kuvisahau upesi.

Mafuta ya taa hulainisha kutu iliyoganda, lakini huwaka. Yasitumiwe karibu na mtu anayechomelea, wala gereji isiachwe na matambara yaliyolowa. Oili chafu iliyotolewa katika injini isishikwe na watoto kabisa, maana ina vitu vinavyodhuru ngozi na vinavyoweza kuleta saratani. Kwa makufuli, wengi wetu tumezoea unga wa penseli, na kwa kufuli la shaba ni jambo zuri. Juu ya chuma kilicho karibu na bahari siupendekezi sana, kwa sababu ule unga hupitisha umeme, na penye maji ya chumvi huweza kuharakisha kutu mahali unapokigusa chuma.

Neno juu ya kazi na somo

Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, tumekubaliana kwamba kazi za mikono na masomo ya darasani havipaswi kutengana. Lakini tumeona pia kazi ikila somo. Watoto hupewa fagio na ndoo, gereji hung'aa, na hakuna aliyejifunza neno. Kipimo changu ni rahisi: mwanafunzi akikoseshwa chaki na daftari, kilichobaki ni usafi wa gereji ya watu wazima. Kama kazi ya siku ni kuosha tu, waoshe wenye gereji.

Upimaji wa somo usiwe wa kuuliza mambo yanayosababisha kutu. Mpe mwanafunzi kitu kingine kinacholia ambacho hakikutajwa darasani: baiskeli, kapi ya kisima, cherehani ya mguu. Aandike amesikia mlio gani, unarudi baada ya umbali au mizunguko mingapi, anadhani unatoka wapi, na atajaribu nini kwanza ili kujua kama dhana yake ni ya kweli. Abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Atakayekisafisha, kukitia grisi na kukikaza siku moja, kisha kikanyamaza, hajui ni kipi kilichokuwa dawa. Dhana ikikosea, lakini ikawa na njia ya kuipima, ipewe alama. "Kitiwe mafuta," bila neno jingine, isipewe hata mafuta yakifaa.

Baada ya matengenezo, safari ya chaki irudiwe, na alama za kabla na za baada ziandikwe kwenye kadi moja zikiwa na tarehe. Irudiwe tena mwisho wa kila mwezi, na mara moja zaidi katikati ya kusi, upepo unapokuwa mkali. Darasa la Tano la mwaka huu liikabidhi kadi hiyo kwa Darasa la Tano la mwaka ujao. Itundikwe nyuma ya mlango, upande wa ndani, na chini yake pawekwe ndoo ya maji ya mvua na kitambaa.